Kamera ndogo zitakazopanga bei ya mahindi yako

MFANYABIASHARA wa mahindi anapofika kwa mkulima huja na vipimo vitatu: mkono, meno na macho. Hutumbukiza mkono hadi katikati ya gunia ahisi kama kuna joto au unyevu. Huuma punje moja asikie inavyovunjika. Kisha huchota konzi moja, akaitandaza kiganjani na kuitazama. Akiona punje zilizobadilika rangi, bei inashuka. Asipoziona, mzigo unapakiwa.

Vipimo hivyo havina gharama na vimelisha familia nyingi. Shida ni kwamba kinachoangusha biashara ya nafaka siku hizi hakionekani kwa macho, hakinuki wala hakisikiki kwenye meno. Sumukuvu, ambayo wengi huiita aflatoksini, inaweza kukaa ndani ya punje ambayo mnunuzi yeyote angeiita safi.

Ndiyo sababu mkulima na mchuuzi wa nafaka wanapaswa kufuatilia jambo ambalo kwa mara ya kwanza linasikika kama la wanasayansi peke yao. Katika miaka ya karibuni maabara na viwanda kadhaa vya ng'ambo vimekuwa vikiunda kamera ndogo zinazonasa mambo mawili ambayo kamera ya kawaida huyakosa. La kwanza ni rangi za mwanga kwa ukamilifu wake, hata zile ambazo jicho halizioni. La pili ni upande ambao mwanga unatetemekea. Zamani mitambo ya kazi hiyo ilijaza meza nzima au ilibebwa na setilaiti. Sasa inaanza kuingia kiganjani.

Na katika soko lolote, mwenye kipimo ndiye anayetaja bei. Kipimo kikihama kutoka jichoni kwenda kwenye kamera, swali la kwanza la mkulima si kamera hiyo inafanyaje kazi, bali itakuwa mkononi mwa nani.

Simu yako inaona rangi tatu tu

Kamera ya simu ina kipande kidogo kinachopokea mwanga, nacho kimegawanywa katika vitone mamilioni. Juu ya kila kitone kuna kichujio cha rangi moja: nyekundu, kijani au bluu. Mpangilio huo ulibuniwa na Bryce Bayer, mhandisi wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1976. Katika kila vitone vinne, viwili ni vya kijani, kimoja ni cha nyekundu na kimoja ni cha bluu. Hadi leo karibu kila simu inapiga picha kwa utaratibu huo.

Rangi tatu zinatosha kabisa kwa picha ya harusi, lakini hazitoshi kutofautisha punje nzima na punje iliyoanza kuota kuvu kwa ndani.

Mwanga wa jua una mengi zaidi ya rangi hizo. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, akiwa Uingereza, aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu na kuweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kando ya nyekundu, mahali ambapo jicho halikuona kitu, joto lilipanda zaidi. Huo ndio mwanga tunaouita infraredi.

Unaweza kuushuhudia nyumbani bila kununua chochote. Chukua rimoti ya televisheni, elekeza kitaa chake cha mbele kwenye kamera ya simu, kisha bonyeza kitufe. Kwa macho hutaona kitu. Kwenye skrini za simu nyingi, hasa ukitumia kamera ya mbele, utaona kitaa kikimweka. Kipande cha kamera chenyewe kina uwezo wa kuona infraredi. Watengenezaji huweka kichujio cha kuizuia ili picha zisiharibike rangi.

Kwa mkulima, mwanga huo uliozuiwa ndio wenye habari. Jani lenye afya hunyonya nyekundu na bluu kwa ajili ya kutengeneza chakula chake, hurudisha kijani kidogo, na hurudisha infraredi kwa wingi sana. Mmea unapokosa maji au kushambuliwa na ugonjwa, uwiano huo hubadilika, na mara nyingi hubadilika kabla jani halijageuka manjano. Wataalamu wamekuwa wakilinganisha nyekundu na infraredi kutoka angani tangu setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa mwaka 1972.

Hesabu hiyo tayari inagusa mifuko ya watu. Katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 2010 haikutegemea afisa wa kuhesabu ng'ombe waliokufa. Ilitazama malisho kupitia setilaiti. Ukame wa mwaka 2011 ulipokausha nyasi, fidia ililipwa mwezi Oktoba mwaka huo kwa sababu picha zilionyesha hivyo.

Lakini setilaiti iko mbali. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo picha zake hutolewa bure, hugawa mwanga katika mafungu 13, na doti ndogo kabisa kwenye picha zake ina upana wa mita 10. Shamba la robo ekari huonekana kama doti kumi hivi. Hapo mkulima mdogo hawezi kuoneshwa shina moja la muhogo, sembuse punje ya mahindi.

Kamera za kushikwa mkononi zimekuwa zikijaza pengo hilo polepole. Kampuni ya Specim ya Finland ilitoa mwaka 2017 kamera iitwayo Specim IQ, yenye uzito wa kilo 1.3, inayogawa mwanga katika mafungu 204. Kampuni ya DJI ya China nayo ilitoa mwaka 2022 droni ya Mavic 3 Multispectral, yenye kamera nne za mafungu maalumu pamoja na kamera ya kawaida. Kumbuka tu kwamba droni hairushwi kiholela. Kenya na Tanzania zote zinataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Mwanga pia una upande

Habari ya pili, ile ya upande wa mtetemo, wataalamu huiita polaraizesheni. Funga kamba kwenye mti, shika ncha nyingine na uitikise. Unaweza kuitikisa juu na chini, au kulia na kushoto. Sasa ipitishe kamba hiyo katikati ya fito mbili za ua zilizosimama wima. Wimbi la juu na chini litapita. La kulia na kushoto litagonga fito na kufia hapo.

Mwanga nao uko hivyo. Unaotoka moja kwa moja kwenye jua hutetemeka kila upande, lakini ukigonga kitu laini kama maji, kioo au jani lililolowa, sehemu kubwa ya ule unaorudi huwa imeshika upande mmoja. Mfaransa Etienne-Louis Malus aligundua hilo mwaka 1808 jijini Paris, alipotazama kwa kipande cha fuwele jua lililokuwa likimulika kutoka kwenye madirisha ya jumba la Luxembourg.

Wavuvi waliowahi kuvaa miwani ya jua ya polaroidi wanalijua jambo hili kwa vitendo. Mng'ao wa juu ya maji unakatika na samaki anaonekana chini. Nyuki walitutangulia wote. Mtafiti Karl von Frisch alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba nyuki husoma polaraizesheni ya anga ili kujua njia ya kurudi mzingani, hata jua likijificha nyuma ya wingu.

Shambani faida yake ni hii. Mwanga unaorudi kutoka kwenye jani au punje ni wa aina mbili zilizochanganyika. Kuna mng'ao wa juu ya ngozi, ambao una upande na hausemi mengi kuhusu afya ya ndani. Kuna na mwanga ulioingia ndani, ukagongana huku na huko, kisha ukatoka ukiwa umepoteza upande wake lakini umebeba rangi ya kilichomo. Kamera isiyojua tofauti huona jani linalong'aa kwa umande na kudhani ni jeupe. Kamera inayojua huondoa mng'ao na kubaki na habari ya ndani. Inaweza pia kufanya kinyume, kuutazama mng'ao wenyewe, na kwa njia hiyo kunasa kipande cha kioo au plastiki kilichochanganyika na nafaka.

Mwaka 2018 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza kipande cha kamera chenye vijiwaya vyembamba mno juu ya kila kitone, vilivyolala pande nne tofauti. Ni zile fito za ua, ila zimepunguzwa hadi zisionekane. Kamera nyingi za viwandani za kazi hii hutumia kipande hicho.

Kuunganisha rangi na upande katika kifaa kimoja kidogo ndiyo kazi inayoendelea sasa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, walieleza mwaka 2021 kifaa walichokibuni kwa kuiga jicho la kiumbe wa baharini anayefanana na kamba, ambaye huona rangi na polaraizesheni kwa pamoja. Mwaka 2024 wenzao wa Chuo Kikuu cha Penn State walieleza njia nyingine: kipande chembamba kilichochorwa maumbo madogo mno, kinachowekwa mbele ya kamera ya kawaida. Kipande hicho huutawanya mwanga kwa namna maalumu, kisha programu ya kompyuta iliyofunzwa hutengua mchanganyiko huo na kutoa rangi na upande wa kila sehemu ya picha.

Yote hayo yana gharama yake. Mwanga ukigawanywa mafungu mengi, kila fungu hupata kidogo. Kamera inayogawa vitone vyake kwa mafungu 16 hupoteza ukali wa picha, na gizani ghalani huhangaika. Mkulima asidanganywe na tangazo linalohesabu mafungu tu, kwa sababu wingi wa mafungu si ubora.

Punje chache, lori zima

Sasa turudi kwenye gunia.

Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki mashariki mwa Kenya baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, ambako wagonjwa 68 waliorodheshwa na 20 wakafa. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo. Siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti, likiwamo la cheti kinachothibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa gunia la kilo 90, kiwango hicho ni chini ya miligramu moja.

Wafanyabiashara waliokuwa na magari njiani siku zile wanajua maana yake.

Ugumu wa sumukuvu ni kwamba haisambai sawasawa. Katika gunia, punje nyingi huwa safi kabisa, na sumu hujazana katika punje chache. Mpimaji akichota sampuli mahali zisipokuwapo, mzigo mbaya unapita. Akichota zilipo, mzigo mzima unakataliwa pamoja na punje safi zilizomo. Maabara ikipima vizuri kiasi gani, bado inapima kile tu ilicholetewa.

Kamera haichoti sampuli. Inaweza kutazama kila punje, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Kuna jaribio moja ambalo wafanyabiashara wadogo wangefaa kulijua, kwa kuwa lilifanywa kwa mahindi ya watu kama wao. Watafiti wa Kenya na Marekani walichapisha mwaka 2017 matokeo ya mashine ya bei nafuu ya kuchambua mahindi, iliyofunzwa kwa punje zilizonunuliwa kwa wachuuzi wa masoko ya wazi na nyingine za mashamba ya majaribio ya mashariki mwa Kenya. Haikuwa kamera kamili. Kila punje ilimulikwa kwa mwanga wa aina tisa, kuanzia bluu hadi infraredi, na mashine ikaamua ipite au itupwe. Walipitisha sampuli 46 za sokoni. Zile zilizojulikana kuwa na sumu zilipoteza kati ya sifuri na asilimia 25 ya uzito wake, na zile safi hazikupoteza zaidi ya asilimia moja. Kwa wastani sumu ilipungua kwa asilimia 83.

Fikiria mchuuzi mwenye magunia 20. Kwa kipimo cha leo anaweza kurudishwa na yote. Kwa mashine ya namna hiyo, hata katika hali mbaya kuliko zote za jaribio lile, angepoteza matano. Watafiti wenyewe walisema inaweza kuwekwa kwenye vinu vya kusaga vya mitaani, yaani pale pale ambapo mahindi ya mwananchi hupita kabla ya kuwa unga.

Mashine hiyo haikuwa kamilifu. Wakati wa kuifunza, karibu punje moja kati ya nne zenye sumu iliponyoka. Na jambo hili lazima lielezwe wazi, maana wauzaji hawatalisema: kamera hizi haziioni sumu yenyewe. Huona dalili za kuvu, kama mabadiliko ya rangi, ya unyevu na ya unga uliomo ndani ya punje. Hata mng'ao wa kijani-manjano unaoonekana ukimulika mahindi kwa taa ya urujuanimno unatokana na kemikali nyingine ya kuvu hiyo hiyo. Kwa hiyo cheti cha maabara bado kinahitajika, na tochi za urujuanimno zinazouzwa mitandaoni zisichukuliwe kuwa ni maabara.

Wakati huo huo wakubwa hawajalala. Kampuni ya Bühler ya Uswisi ilizindua mwaka 2018 mtambo uitwao LumoVision, unaotumia kamera na mwanga wa urujuanimno kuchambua hadi tani 15 za mahindi kwa saa. Kampuni yenyewe inasema unaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafuzi huo. Mtambo huo umetengenezewa kiwanda kikubwa. Mwenye kiwanda akiwa nao na mkulima akiwa na kiganja chake tu, mazungumzo ya bei hayawezi kuwa ya watu walio sawa. Kiwanda kitasema mzigo wako una asilimia fulani ya punje mbovu, nawe huna cha kujibu.

Muhogo umeonyesha njia nyingine. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Penn State pamoja na taasisi ya IITA, hutambua batobato na michirizi kahawia kwa kamera ya kawaida tu ya simu, bila intaneti. Hiyo iko mkononi mwa mkulima. Upungufu wake ni kwamba dalili lazima ziwe zimeshatokea kwenye jani. Mwaka 2022 watafiti wa Manchester, North Carolina State na IITA walionyesha kwamba kifaa cha mkononi chenye taa za mafungu kadhaa ya mwanga kinaweza kunasa michirizi kahawia kabla dalili hazijaonekana. Kwa mtu anayeuza au kununua vipando vya muhogo, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda shamba na kupanda ugonjwa.

Kabla chama hakijatoa pesa

Kamera kamili za spektra zimekuwa zikiuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na kwa maoni yangu hakuna mkulima mmoja mmoja anayepaswa kuota kununua moja leo. Anayeweza kufikiria ni chama cha ushirika, ghala la stakabadhi au mwenye kinu anayesagia kijiji kizima.

Muuzaji akifika aulizwe maswali magumu. Kifaa kilifunzwa kwa mahindi ya wapi? Kilichofunzwa kwa mahindi ya manjano ya Marekani hakitaelewa mahindi meupe ya Kitale au Mbeya hadi kifunzwe upya. Kati ya punje mia mbovu, ngapi zinapita, na kati ya punje mia nzuri, ngapi zinatupwa? Nani amethibitisha, ukiacha muuzaji? Je, matokeo yanabaki kwa chama, au yanatumwa kwa kampuni ambayo kesho ndiyo itakuja kununua mahindi hayo hayo?

Liko pia suala la punje zilizotupwa. Kishawishi cha kumpa ng'ombe ni kikubwa, hasa wakati wa kiangazi. Ng'ombe wa maziwa akila mahindi yenye aflatoksini, sehemu ya sumu hiyo hutoka kwenye maziwa na kurudi mezani.

Na hakuna kamera inayokausha mahindi. Kiwango kinachotakiwa sokoni Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na mita ya unyevu achukue chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, ajaze mahindi hadi theluthi moja, atie vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, atikise kwa dakika moja au mbili, kisha aiache chupa itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi yarudi kwenye turubai.